Saa ya hotuba ya Krismasi ya Mfalme wa Uingereza na mwandishi wake

Ndugu, umeuliza kwa nini hotuba hiyo hurushwa saa 9 alasiri na kama serikali ndiyo huiandika. Saa hiyo ilichaguliwa mwaka 1932, Mfalme George V alipozungumza redioni kutoka Sandringham, makazi ya kifalme nchini Uingereza, kwa kuwa ilifaa zaidi kuzifikia sehemu nyingi za himaya kwa mawimbi mafupi ya redio. Kwetu Afrika Mashariki huwa saa 12 jioni. Kuhusu uandishi, hotuba ya kufungua Bunge huandikwa na serikali, lakini hii ni ya mfalme mwenyewe, ingawa ile ya kwanza George V aliandikiwa na mwandishi Rudyard Kipling, na kwa maoni yangu uhuru huo ndio unaoipa uzito. Televisheni ilianza kuionyesha mwaka 1957, enzi ya Elizabeth II.