Urojo wangu una madonge

*Swali:* Assalaam alaykum, na shikamoo Bibi. Mimi nipo Wete. Jumapili walinijia mawifi zangu, nikawapikia urojo, ule mchuzi wetu mzito wa unga na embe mbichi. Maji yalipochemka nikatia unga wa ngano, nikakoroga mpaka mkono ukauma, lakini madonge hayakwisha. Tena ulikuwa unanuka unga mbichi. Nikakamua ndimu na kuuacha motoni, ukawa mwepesi kama maji. Wifi mkubwa alikula bhajia tu, mchuzi akauacha bakulini. Nimekosea wapi? — Msomaji, Wete

*Jawabu:* Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Umekosea pahala pawili tu, na pote panatengenezeka.

La kwanza ni yale maji ya moto. Unga ukikutana na maji yanayochemka, donge huiva nje mara moja likajifunga, ndani likabaki unga mkavu. Hapo hata ukoroge mpaka alfajiri halivunjiki, na ule ubichi uliounusa ulikuwa humo. Kwa lita 2 za maji twaa vijiko 8 vya chakula vya unga, uuvuruge pembeni kwa maji baridi mpaka uwe kama maziwa, kisha uuchuje kwa chujio la chai. Ndipo uumimine sufuriani kidogo kidogo, huku mkono wa pili unakoroga. Ukishachemka punguza moto, uuache utokote dakika 20. Wengi huepua pale unapoanza tu kuwa mzito, na unga hapo haujaiva bado.

La pili ni ndimu. Ukali hukata unga: vikichemka pamoja kwa muda, uzito wote hupotea. Ndimu ikamuliwe ukishaepua. Embe mbichi nayo ni kali, kwa hivyo mimi huipika mbali. Kwenye sufuria ndogo natia mafuta kidogo, thomu iliyopondwa na kijiko 1 cha chai cha manjano. Manjano hutoa rangi yake kwenye mafuta kuliko majini, na yakizidi huleta uchungu. Kisha natia embe 2 zilizomenywa na kukatwakatwa, maji kiasi na chumvi. Zikilainika naziponda, nazimimina kwenye urojo unga ukiwa umeshaiva. Msimu wa embe ukipita tumia ukwaju. Rangi itafifia na ladha haitakuwa ile, lakini utalika.

Mama yangu akiuza urojo barazani kwetu, mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, kila siku baada ya alasiri. Kabla hajamuuzia mtu alichovya upawa, akaugeuza, akapitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki wazi, urojo umekuwa. Mstari ukijifunga, sufuria inarudi motoni, na wateja wasubiri. Mpaka leo sijapata kipimo kilicho bora kuliko kile kidole.

Pilipili mbuzi itie moja, mbichi, nzima na kikonyo chake, ielee tu itoe harufu, uitoe kabla haijapasuka. Ukali wenyewe uwe kwenye pilipili ya kusaga, pembeni, kila mtu ajitilie anavyoweza.

Kwenye bakuli tangulia na mbatata za kuchemsha, bhajia za dengu, kachori, na mishkaki kama ipo. Mimina urojo, weka chatne ya nazi, na muhogo wa kukaanga uwe juu kabisa, uliwe ukiwa bado unalia mdomoni. Siku hizi naona mabakuli yamejazwa vitu hata mchuzi hauonekani. Mimi hilo linaniudhi, kwa sababu urojo ni ule mchuzi. Waite mawifi tena, na huyo mkubwa mpe bakuli la kwanza.

*Swali:* Bibi, urojo uliobaki unalala? — Msomaji, Bububu

*Jawabu:* Mchuzi peke yake unalala ndani ya friji, bila bhajia wala mbatata. Asubuhi utaukuta umeganda. Ongeza maji, uupashe moto taratibu huku unakoroga mpaka uchemke, halafu uepue ukamue ndimu mpya. Chatne ya nazi mbichi usiilaze. Huchacha upesi sana kwa joto letu hili, basi ukune nazi ya kuwatosha waliopo, na kesho ukune nyengine.