Ramani Yangu Ilirudishwa Mara Mbili

Ramani ya kwanza ya nyumba yetu ya Wiyoni, Lamu, niliipenda mno. Mchoraji alinitumia kwa simu: madirisha ya vioo toka sakafuni hadi darini, sebule ya upana wa mita 5, paa la mabati mekundu. Nikamlipa, nikaipeleka kwa wakubwa wa mipango. Ikarudi imejaa wino mwekundu. Nilimlalamikia mama kwamba watu hawa hawataki mtu ajenge. Akaitazama ramani kwa muda, akaniuliza, "Na mai utayatowa wapi?"

Kweli, kwenye karatasi nzima hapakuwa na maji. Basi ukiniuliza uanzie wapi kujenga, nitakwambia uanze na maji, hata kabla hujamtafuta mchoraji. Mji wa Lamu unakunywa kutoka vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga ule hufyonza mvua, na maji matamu hukaa yakielea juu ya maji ya chumvi. Kila anayechimba kisima na kutia mota ya nguvu huivuta chumvi juu, na kila shimo la choo linalovuja hupeleka chini kile unachokijua. Kwa hiyo afisa akikuuliza choo kiko wapi, kisima cha jirani kiko wapi na mvua ya paa inakwenda wapi, usinune.

Hesabu ya mvua ni nyepesi. Milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba unapata lita 1. Paa langu lina mita za mraba 80, kwa hiyo mvua moja ya masika ya milimita 20 inaniletea lita 1,600, kabla hujatoa kidogo kinachomwagika. Nilichimba birika chini ya kiwanda, yaani ule uwanja wa ndani, na kuelekeza milizamu yote huko. Lilikula pesa kuliko chumba cha kulala, sikufichi. Jambo moja tu: mvua ya kwanza iache ioshe paa, imwagike nje. Mwaka wa kwanza nilisahau, tukanywa mavi ya kunguru wiki nzima. Kuhusu mbu, wazee walitia visamaki ndani ya mabirika yao ili wawale viluwiluwi. Nami nimetia.

Upande wa vibali, jua kwanza umesimama wapi. Ukiwa ndani ya Mji wa Kale, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, utapita pia kwa watu wa Makumbusho ya Taifa, na huko hata mlango hubadilishi kiholela. Ukiwa nje kama mimi, kibali ni cha kaunti. Kanuni za taifa za ujenzi nazo ni mpya: zile za 1968 zimeondoka, na za 2024 zilianza kutumika Machi 2025. Mchoraji akikuletea ramani, muulize amefuata zipi.

Ukutani ndiko nilikoumia zaidi. Mawe ya matumbawe nilinunua Maweni, kisiwani Manda, yakavuka kwa mashua na kupanda hadi kiwanjani kwa punda. Fundi mmoja wa haraka akaniambia chokaa ni mambo ya wazee, akanipigia lipu ya saruji chumba kizima. Kusi ya pili, yaani majira ya upepo wa kusini, haijakwisha, lipu ikaanza kuvimba na kutoa unga mweupe. Jiwe la matumbawe hunywa unyevu na kuutema, na chokaa huupisha. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, chumvi ikikauka huisukuma lipu hadi ibanduke. Niliibandua yote. Fundi mzee aliyekuja kupiga chokaa aligonga ukuta kwa kidole, akasema, "Ukuta wataka pumzi, mwanangu," kisha akanitajia bei yake, nami nikakosa pumzi.

Sebule ya mita 5 ilikufa kwa sababu ya boriti. Vyumba vya Lamu ni vyembamba, aghalabu havifiki mita 3, kwa kuwa miti ya mkoko inayobeba dari ndiyo inayopima upana. Nenda sokoni ukijua majina ya miti hiyo: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa, kutoka nyembamba hadi nene. Usipoyajua utauziwa mazio kwa bei ya boriti. Na udai karatasi za kibali cha kukatia. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti nchini mwaka 2018, wengi huku walibaki na kuta zisizo na dari.

Ramani ya pili ilirudishwa kwa ajili ya dirisha moja tu. Nililiweka upande wa kusi ili linipe upepo, lakini lilikuwa linatazama moja kwa moja ndani ya kiwanda cha jirani, wanawake wanapoanikia nguo na kuogesha watoto. Hapo sikubisha, niliona haya. Tukaliinua hadi karibu na dari, dogo, tukafungua jingine mkabala wake upande wa kaskazi. Hewa ya moto inatokea juu, upepo unapita, na hakuna anayemchungulia mwenziwe. Machi, joto linapokaba, watoto wote huhamishia mikeka yao chumba hicho, na mama ndiye wa kwanza kufika.