Tairi la nyuma linahama nikipanda mlima

SWALI: Fundi mambo, nina baiskeli ya reisi ya mtumba, fremu ya chuma ya miaka ya 80, nimeipiga rangi upya na kuiwekea kwiki rilizi (kile kifungio cha gurudumu chenye mkono wa kugeuza) mpya nyepesi. Sasa nikisimama kwenye pedeli mlimani tairi la nyuma linakwenda upande linakwaruza fremu kushoto. Zile skrubu ndogo za kwenye mdomo wa fremu, pale ekseli inapokaa, nimezikaza lakini wapi. Shida nini?
Msomaji, Arusha

JIBU: Poa mdau. Skrubu hizo ziache, kazi yake ni kuzuia ekseli isirudi nyuma kupita kiasi, wakati cheni inavuta upande wa kulia kuja mbele, yaani inaiondoa ekseli kwenye skrubu, kwa hiyo hata ukizikaza mpaka kesho ni bure. Fremu za zamani mdomo wake umelala, sio kama za siku hizi zilizosimama wima, kinachoshika hapo ni kule kubana tu.

Mimi naishuku hiyo kwiki rilizi yako. Nyingi za nyepesi kemu (kile kisehemu kinachobana ukigeuza mkono) iko nje, inazungukia kwenye kiplastiki, na nati ya alumini meno yake laini hayang'ati chuma. Tafuta ya kizamani, kemu imefichwa ndani, meno ya chuma, nzito kidogo ndio ila inabana kwelikweli, itie tone la oili.

Ila kabla hujatoa hela weka gurudumu bila kwiki rilizi uangalie ncha za ekseli, zikitokeza nje ya mdomo wa fremu utakuwa unabana ekseli sio fremu, zipunguze kwa tupa. Na ile rangi mpya ikwangue pale nati inapokaa, rangi nene inabonyea halafu kila kitu kinalegea.

Kufunga sasa. Usizungushe mkono kama nati ya kawaida (hili naliona kila siku jamani), zungusha nati ya upande wa pili mpaka mkono uanze kugoma ukiwa umenyooka nje sambamba na ekseli, hapo usukume hadi uache alama kiganjani. Springi zile ndogo za kwiki rilizi, upande mwembamba uelekee ndani. Halafu bana breki ya nyuma, kanyaga pedeli kwa nguvu, likihama bado hujakaza.

Mbele kuwa makini zaidi, foki za zamani hazina vile vijino vya kuzuia gurudumu, mkono ukifunguka tu limechomoka.