Ametoka soba hausi, tumlindeje?

*Mdogo wangu alikuwa anatumia unga, yaani heroini. Amerudi nyumbani baada ya miezi minne soba hausi, nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya, na juzi nimemwona na wenzake wa zamani kule Kirumba. Jirani ananiambia akizima, yaani akipoteza fahamu kwa unga, nimnyweshe maziwa na kummwagia maji ya baridi. Ni kweli?*
*Dada mtu, Igoma, Mwanza*

Hapana, dada. Aliyezima hawezi kumeza, hivyo maziwa yataishia mapafuni. Heroini huua kwa kulegeza pumzi mpaka inakatika. Anachohitaji ni hewa.

Hofu yako ina msingi. Mwili hupoteza mazoea ya unga upesi sana mtu akiacha, na kete (kipimo cha unga) aliyoimudu zamani leo inaweza kumuua, hasa akichanganya na pombe au valiamu. Mwambie hivyo bila kumgombeza, na umsihi asijifungie peke yake. Kumwambia si kumruhusu.

Ukimkuta kazima, mwite kwa nguvu na umsugue mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole. Hashtuki, anakoroma au anapumua chini ya mara 10 kwa dakika, mboni zimekuwa kama ncha ya sindano? Basi unga umemzidi. Rangi ya kukosa hewa itazame kwenye fizi na kucha, maana usoni ngozi nyeusi huficha. Mtume mtu atafute gari. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5. Kifua kisipoinuka, kichwa hakijakaa sawa, kirekebishe. Asipopumua kabisa, bana kifua mara 30, pulizia mara 2, rudia. Akipumua mwenyewe, mlaze ubavu, usimwache.

Hospitalini sema wazi kwamba ni heroini, ili wamchome naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini. Huamsha ndani ya dakika chache, ila nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, na unga ungali mwilini. Wengi huamka na arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, wakataka kutoroka wodini. Mzuie kwa upole, maana anaweza kuzima tena njiani.

*Na metadoni, ile dawa inayotolewa badala ya heroini, inapatikana huku kwetu?*

Ndiyo, hospitali ya Sekou Toure ina kliniki, na dawa ni bure. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Dozi huanza ndogo, hivyo wiki mbili za kwanza arosto inaweza kumsumbua. Akiongezea unga hapo ndipo hatari ilipo. Akikosa siku tatu mfululizo, amwambie mhudumu kabla ya kunywa, dozi ipunguzwe. Kwa ushauri piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.