Mgonjwa akisema "nina presha": kwa wakalimani wapya wa hospitali

Siku yangu ya pili katika kazi hii, mama mmoja wa makamo aliketi mbele ya daktari mgeni akasema, "Dokta, mimi nina presha, na siku hizi inanipanda sana." Nikamgeukia daktari nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama yuko "under pressure" na hali inazidi kuwa mbaya. Daktari akamtazama kwa huruma, akaanza kumuuliza habari za kazi, mume na watoto. Mama akajibu yote kwa adabu. Muda mrefu ulipita kabla nesi hajamfunga mkanda wa kipimo mkononi, na namba zilipotoka zilikuwa 190 kwa 110.

Alipewa dawa, akapumzishwa, akarudi nyumbani salama. Mimi nilikaa na jambo lile wiki nzima. Nilikuwa nimesoma Kiingereza hadi chuo kikuu, na kosa lenyewe lilikuwa kwenye neno ambalo bibi yangu kijijini analitumia kila siku.

Ndiyo maana nawaandikia, wadogo zangu mnaoanza. Maneno "pressure" na "stress" mtakutana nayo kila siku ya kazi. Mtadhani mnayajua, maana na sisi tunayo, tumeyaandika kwa sauti zetu. Lakini "pressure" ilipofika kwetu haikuja na ukoo wake wote. Kwa Mwingereza neno hilo ni la maji bombani, la hewa kwenye tairi, la bosi anayetaka ripoti kesho asubuhi, la wazazi wanaotaka uoe. Kwetu tairi linajazwa upepo, maji bombani yana nguvu au hayana, bosi anatubana, na wazazi wanatushikia bango. Kilichobaki kwa presha ni damu, na zaidi ya damu ni ugonjwa wenyewe. Mtu akisema "nina presha", anamaanisha amepimwa akaambiwa imezidi, mara nyingi 140 kwa 90 au zaidi, au anahisi dalili ambazo yeye anaziita hivyo. Pia ipo presha ya kushuka, na ipo presha ya macho, ambayo ni ugonjwa unaoweza kupofusha na wala haumo kwenye damu.

Sasa shida ni kwamba vijana wamelirudisha neno kwenye maana ya Kiingereza. "Usinipe presha" maana yake usiniharakishe, usinisumbue. Shabiki wa mpira anasema timu yake inampandisha presha, na hapo anacheza na maana zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo usishike kanuni moja ukalala nayo. Mimi husikiliza kitenzi. Presha ikipanda, ikishuka, ikipimwa au ikimezewa dawa, mara nyingi ni ya damu. Presha ikitolewa na mtu, yaani kupewa presha au kutiwa presha, ni ya mambo. Nisipopata kitenzi cha kunisaidia, nauliza.

Kwenye mabango ya zahanati mtasoma "shinikizo la damu". Ni neno zuri, na nalipenda kwa asili yake: shinikizo ni chombo cha kukamulia, kile cha mafuta ya ufuta au cha zabibu ambacho wasomaji wa Biblia wanakijua. Kitu kinabanwa mpaka kitoe kilichomo. Lakini mzee wa kijijini ukimwambia ana shinikizo la damu, huenda akaitikia tu kwa heshima bila kuelewa kwamba ndiyo presha yake ileile aliyoambiwa mwaka jana. Daktari akitumia jina la kitaalamu, taja jina la kitaalamu, kisha mwombe daktari ruhusa ya kuongeza kwamba ndilo hilo watu wanaloliita presha.

"Stress" ni kazi kubwa zaidi, kwa sababu Waingereza wenyewe wameliacha neno liwe pande mbili. Kwa wahandisi lilikuwa mzigo unaolemea chuma au daraja. Mwaka 1936 Hans Selye, mwanasayansi aliyekuwa Montreal, Kanada, na ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza, alichapisha habari za panya waliotiwa kwenye baridi, waliojeruhiwa au waliochoshwa kupita kiasi: miili yao yote ilijibu kwa namna inayofanana. Kupitia kazi yake ya miaka iliyofuata neno la wahandisi likahamia kwenye mwili, na kutoka hapo likahamia kwenye maisha ya kila mtu. Leo Mwingereza anasema kazi yake ni "stress", na anasema yeye mwenyewe ana "stress". Mzigo na maumivu ya mgongo vimepewa jina moja.

Kiswahili hakikuruhusu uzembe huo. Lazima uchague: unasema kinacholemea, au unasema aliyelemewa? Kinacholemea kina majina yake: shida, mzigo wa kazi, madeni, ugomvi wa nyumbani. Aliyelemewa ana mawazo. Vitabu vya afya vinasema "msongo wa mawazo", na ukifikiri jinsi ugali unavyosongwa au watu wanavyosongamana kwenye daladala saa kumi na mbili asubuhi, utaona neno limechaguliwa vizuri. Lakini chumbani kwa daktari watu husema tu "nina mawazo".

Hapo ndipo nimewaona wengi wakiteleza. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha alimsikia mjane akisema, "Tangu mzee afariki nina mawazo sana," akatafsiri kwamba mama ana "many ideas". Daktari akatabasamu kwa kumtia moyo. Mjane akaliona tabasamu lile, akainamisha kichwa, na hakusema kitu tena mpaka mwisho. Nawasihi, neno "mawazo" linapotoka kwa mgonjwa lishikeni kwa mikono miwili. Mara nyingi ndiyo njia pekee atakayoitumia kusema kwamba ameelemewa, kwa sababu akisema zaidi anaogopa jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma ambayo kwa watu wengi limekuwa jina la kutishiana.

Kinyume chake, daktari akiuliza kama kuna "stress" nyumbani, usimwambie mgonjwa, "Una msongo wa mawazo?" Atasema hapana. Kwa masikio yake umemuuliza kama ni mgonjwa wa akili. Mimi husema, "Je, kuna jambo nyumbani linalokulemea?" Zamani nilikuwa naongeza "mpaka hulali", nikidhani nasaidia. Nikaacha, kwani watu walianza kujibu habari za usingizi, jambo ambalo daktari hakuwa ameliuliza, na yeye akaliandika kana kwamba wamelileta wenyewe. Kuongeza dalili ni kosa sawa na kupunguza.

Mkifanya kazi kwa simu na wakimbizi walioko Marekani au Kanada, wengi mtakaowahudumia wametoka Kongo, na Kiswahili chao kimekaa nyumba moja na Kifaransa. Wao hawasemi presha. Wanasema "tansio", na maana yake ni presha ya damu. Mzee akikwambia "niko na tansio", ukikimbilia neno la Kiingereza linalofanana nalo kwa sauti, "tension", utakuwa umefanya kosa langu la siku ya pili kwa kupitia mlango wa Kifaransa. Muuguzi wa upande wa pili atasikia kwamba mzee ana wasiwasi tu.

Kisha yapo majina ya kitabibu ambayo "stress" imo ndani yake na mawazo hayamo kabisa. "Stress test" ni kupima moyo unapofanyishwa kazi, mara nyingi mgonjwa akitembea kwenye mashine. "Stress fracture" ni ufa kwenye mfupa unaotokana na kuutumia kwa kurudiarudia, kama kwa wakimbiaji na askari wa mafunzo. Lililonifundisha kwa uchungu ni "stress incontinence". Nililisikia mbele ya mama aliyekuwa amezaa mara sita, nikamwambia anatokwa na mkojo kwa sababu ya msongo wa mawazo. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, mimi sina mawazo. Nikikohoa unatoka. Nikicheka unatoka. Nikinyanyua ndoo unatoka." Alikuwa ameeleza maana ya neno lile vizuri kuliko kamusi yoyote niliyokuwa nayo: ni mkojo unaovuja tumbo linapokandamizwa, kwa kuwa misuli ya chini imelegea. Mzigo unaotajwa pale ni wa tumbo juu ya kibofu. Nilimwomba radhi, nikamrudia daktari, nikaeleza upya.

Na kwenye dharura, mkiambiwa "apply pressure" juu ya kidonda kinachovuja damu, msitafute nomino. Semeni, "Kandamiza hapa kwa nguvu, usiachie." Vidonda vya mgonjwa aliyelala muda mrefu bila kugeuzwa, ambavyo navyo Kiingereza kinaviita kwa "pressure", ni vidonda vya kulalia. Mgonjwa akieleza kifua, jihadharini zaidi: "kinabana", "kinachoma" na "kama kimewekewa jiwe" ni mambo matatu tofauti kwa daktari wa moyo. Yapelekeni kama yalivyo. Jiwe libaki jiwe.

Mnapokwama, kuuliza kuna utaratibu wake. Tunapokalimani tunasema kwa nafsi ya kwanza, "naumwa", kama mgonjwa mwenyewe. Ukitaka kuuliza kwa nafasi yako, hama nafsi: "Mkalimani anaomba ufafanuzi." Liseme kwa daktari kwa Kiingereza na kwa mgonjwa kwa Kiswahili, ili asibaki mtu akijiuliza mnanong'ona nini. Kisha uliza swali fupi. Langu kwa neno hili ni, "Mama, presha hii ni ile ya kupimwa, au ni ya mambo?" Hakuna aliyewahi kushindwa kulijibu. Wapo waliocheka kidogo wakasema ni ya kupimwa. Wapo waliokaa kimya, wakatazama chini, wakasema, "Zote mbili, mwanangu." Wakisema hivyo, mpe daktari zote mbili, na umpe kwa mpangilio uleule walioutumia wao.