Albamu ya 1995 ya bendi ya Dissection: ni death metal au black metal?

Kaka, ni vyote viwili, ila black imezidi kidogo. Storm of the Light's Bane ya hao Waswidi ilirekodiwa studio ya Unisound, kwa mtayarishaji Dan Swanö. Sikiliza wimbo "Night's Blood": magitaa mawili yanakwenda sambamba, noti zinachapwa mbiombio bila kukatika, hiyo ni black; halafu zinaingia rifu (vipande vya gitaa vinavyorudiwa) nzito za kukatakata, na hapo ndipo death ilipo. Mwimbaji, Jon Nödtveidt, anakwaruza koo kama wa black, hangurumi toka tumboni kama wa death.

Ila faili za muziki unazowekewa kwenye kadi ya memori zikiwa kbps 64 (kipimo cha ubora wa sauti, na hicho ni cha chini), matoazi yanageuka mchanga na gitaa la pili linamezwa. Omba za kbps 320. Na piano tupu ya mwisho si kosa la faili, albamu inaishia hivyo.