Je, nimlipe anayeahidi kazi kwenye kiwanda cha magari?

SWALI: Kiwanda cha kuunganisha magari kilicho jirani nasi kinapanuliwa, na tumesikia kwamba zitapatikana ajira 1,000. Kijana wangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Kuna bwana anayetaka shilingi 20,000 ili amwekee nafasi. Je, nimlipe kabla hazijajaa? – Mama, Kenya

JIBU: Usimlipe, mama, hata shilingi moja. Mimi ni mhandisi wa magari, na wazazi wameniletea barua nyingi za kazi za namna hiyo. Ya karibuni muhuri wake haukugongwa, bali ulichapishwa na mashine pamoja na maandishi.

Kinachoniudhi hata kuliko matapeli hao ni imani inayowalisha, kwamba ajira iliyotangazwa tayari iko nyuma ya geti ikimngoja mtu. Mwaka 2021 Ford ilipotangaza kupanua kiwanda chake cha Silverton, Pretoria, ili kiweze kutoa magari 200,000 kwa mwaka, ilitaja ajira mpya 1,200 kiwandani, na takriban 10,000 kwa wanaokiuzia vipuri. Basi idadi ikitajwa, uliza kwanza ni za nani. Uliza pia magari yanafika yakiwa katika hali gani: bodi ikiletwa imeshachomelewa na kupakwa rangi, kazi inayobaki huhitaji watu wachache, lakini mabati yakija vipande vipande, mikono mingi zaidi hutakiwa.

Tena hapa kwetu viwanda vya kuunganisha magari vimefanya kazi kwa miaka mingi chini ya uwezo wao, kwa sababu wanunuzi wengi huchukua magari yaliyotumika kutoka Japani. Oda zikipungua, kibarua wa mkataba ndiye wa kwanza kurudi nyumbani, na aliyemlipa dalali harudishiwi chochote.

Wazazi wote wajihadhari vilevile na vyuo vya uchochoroni vinavyouza cheti cha wiki mbili. Pesa hizo zianzishe karo katika chuo cha ufundi kilichosajiliwa, kinachomwandaa kijana kwa mtihani wa Gredi ya III wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Kwenye kuchomelea, mkaguzi hupenyeza tindo kati ya mabati mawili, karibu na nukta iliyochomelewa. Nukta ikiachia, bodi haiendi kwenye rangi, na hapo hakuna anayeuliza cheti.